Shangazi, mama alikuwa shoga yangu, wasifu naandikaje?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mama katutoka mwezi uliopita, tumemzika kihambani, shamba la nyumbani, huko Kibosho, sasa inakuja misa ya arobaini na ndugu wamenipa mimi kitindamimba nisome wasifu. Siku ya mazishi kaka alisoma ule wa kawaida, kazaliwa lini, kasoma wapi, kaacha wajukuu wangapi, mama mwenyewe hata hakuonekana mle. Mimi alikuwa shoga yangu kabisa, namwambia mpaka mambo ya wanaume. Niandike nini?
Kitindamimba, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana jamani. Hizo tarehe kaka keshazimaliza, achana nazo. Wewe tuambie alivyokuwa, alikuwa anashuka na ndizi soko la Mbuyuni saa ngapi, mteja akimbania bei anamjibuje, machalari yake ya ndizi yalikuwa na nini, pombe ya mbege ya watu akionja anasema uchungu wa msesewe umezidi au ulezi mchache, hivyo ndo watu watamwona. Na wale wamama aliokaa nao sokoni na kwenye kikoba wapigie mapema, wana stori nyie watoto hamjawahi kuzisikia. Voisi zake za WhatsApp zihamishe leo leo, simu zinaibiwa. Ya wanaume baki nayo, padri yupo hapo! Dakika tano zinatosha. Ukilia nyamaza kwanza, watu watakusubiri, ila mpe dada kopi ya pili akae karibu amalizie ukishindwa.