Supachaja au turbo? Ushauri kwa fundi mpya kabla hajafungua boneti

Mteja akiingia gereji na kuuliza iwapo gari lake lifungwe supachaja au turbo, fundi mpya hukimbilia hesabu ya nguvu, yaani ni kipi kati ya hivyo viwili kitakachotoa nguvu farasi nyingi zaidi. Nami nilijibu hivyo kwa miaka kadhaa hapa Nairobi, mpaka injini moja nitakayoisimulia hapa chini iliponigharimu pesa na usingizi. Siku hizi humuuliza mteja kwanza maswali matatu: gari analiendesha wapi hasa, anatia petroli gani, na ni mara ngapi kwa wiki anakanyaga mafuta mpaka mwisho. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayochagua kifaa, na kwa gari la barabarani katika miji yetu ya nyanda za juu kwa kawaida huelekea kwenye turbo, ingawa si kwa sababu ambazo vijana wengi huzitaja.

Vifaa vyote viwili vina kazi moja, nayo ni kushindilia ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingeivuta yenyewe, ili petroli nyingi zaidi iungue humo. Wanachotofautiana ni nani anayeilipia kazi hiyo. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya kranki, kwa hiyo injini hulipa papo hapo; turbo huzungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye silinda kuelekea ekzosi. Wazo la kwanza ni la zamani zaidi, kwani Gottlieb Daimler alilipatia hataza mwaka 1885, na la pili likaandikishwa na mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905. Hata hivyo, usikubali maneno ya vijiweni kwamba nguvu ya turbo ni ya bure. Feni ya turbo huibana njia ya moshi, na pistoni hulazimika kuusukuma moshi huo kwa nguvu zaidi. Ila gharama hiyo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya mkanda. Kwa injini ya nguvu farasi 150 hivi, supachaja ya mtindo wa Roots (ile yenye rota mbili zinazosukuma hewa) inayotoa busti, yaani kani ya ziada ya hewa, ya ba 0.5 au psi 7 kwenye geji (ba na psi ni vipimo vya kani), hula kama nguvu farasi 10 kwa kushindilia hewa peke yake, na hapo hujahesabu msuguano wa mkanda na gia zake.

Kisha kuna joto, ambalo wanagenzi hulipita haraka mno. Hewa ikishindiliwa hupata moto. Yeyote aliyewahi kujaza upepo tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono amelihisi joto hilo kwenye vidole vyake. Chukua hewa ya nyuzi 25, uizidishie kani mara moja na nusu. Supachaja ya Roots yenye ufanisi wa asilimia 55 itaitoa ikiwa na nyuzi 91 hivi, ilhali turbo iliyochaguliwa vizuri, yenye ufanisi wa asilimia 70, itaitoa ikiwa na nyuzi 77. Nyuzi hizo 14 huonekana chache kwenye karatasi, lakini ndizo zinazoisogeza injini karibu na kunoki. (Mtaani, injini “ikinoki” imekufa, na mwenyewe anatafuta nyingine, hapa nazungumzia kinachotangulia kifo hicho, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio baada ya cheche ya plagi.) Kwa sababu hiyo nasisitiza kila mara kuwepo intakula, ile rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Turbo ina nafuu hapa, kwa kuwa mabomba yake huweza kupitishwa mbele ya gari bila taabu kubwa, wakati ambapo supachaja ya Roots mara nyingi hukaa juu ya manifoldi yenyewe, yaani bomba linalogawa hewa kwa silinda, na kukulazimisha kutafuta intakula ya maji, pampu yake na rejeta yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wa video za Marekani na Ulaya hawaligusi sana, kwa sababu wengi wao wanaishi karibu na usawa wa bahari. Kani ya hewa Mombasa ni takriban ba 1.01, na Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, ni kama ba 0.82. Injini isiyo na kifaa chochote hupoteza kwa ajili hiyo karibu asilimia 19 ya hewa yake. Supachaja, ambayo uwiano wake umefungwa na ukubwa wa puli, huzidisha tu kile inachokipata. Ikiwa inazidisha mara moja na nusu, Mombasa itajaza manifoldi kwa ba 1.51 na Nairobi kwa ba 1.23, na hasara inabaki ile ile ya asilimia 19. Turbo haikufungwa na puli. Ile yenye westigeti ya springi ya kawaida, yaani kile kimlango kinachopunguza moshi unaoelekea kwenye feni, hulenga busti ya ba 0.5 juu ya hewa iliyopo, hivyo Nairobi itatoa ba 1.32 na kupoteza asilimia 13 tu. Ile inayoongozwa na kompyuta ya gari, ikiwa na sensa inayosoma kani kamili, inaweza kuendelea kukifunga kimlango hicho mpaka irudishe ba 1.51 zote, mradi turbo yenyewe ina uwezo wa kuizidisha hewa mara 1.84. Wazee waliligundua hili mapema: mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak huko Colorado, mita 4,300 hivi, ili kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia injini nguvu inayopotea kwenye hewa nyepesi.

Lakini faida hiyo ina bei. Turbo inayofidia mwinuko huzunguka kwa kasi zaidi kuliko inavyozunguka pwani, na turbo ndogo za magari tayari huvuka mizunguko 150,000 kwa dakika. Hewa yake hutoka ikiwa na moto zaidi, na turbo ndogo iliyochaguliwa kwa hesabu za usawa wa bahari huweza kufikia kikomo chake kule juu Limuru kabla hujafika Naivasha. Isitoshe, hewa nyepesi humaanisha moshi mchache, kwa hiyo turbo huchelewa kuamka. Hapo supachaja ina haki yake, nami siwezi kuinyima. Kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, ambako gari husogea mita ishirini na kusimama, supachaja hujibu mguu papo hapo tangu mizunguko 1,500, na dereva hujihisi kana kwamba injini yake imeongezwa ukubwa. Mteja ambaye hatoki nje ya mji, anayetaka gari litulie na lijibu, na ambaye injini yake tayari ina seti iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yake, simkatazi supachaja.

Injini niliyoahidi kuisimulia ilikuwa ya Toyota Fielder, 1NZ-FE ya lita 1.5, yenye mbano wa 10.5 kwa 1, yaani pistoni huibana hewa hadi sehemu moja ya 10.5 ya ujazo wake. Mwenyewe alikuja na seti ya turbo aliyoinunua mtandaoni, tukakubaliana busti ndogo ya ba 0.4 kwa sababu ya mbano huo mkubwa. Nikaifunga, nikarekebisha programu ya kompyuta, nikalipima gari kwenye mlima wa Limuru. Geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli ilisoma vizuri, na nozeli zinazonyunyizia petroli zilikuwa zikifanya kazi kwa asilimia 90 ya muda wao nilipokanyaga mpaka mwisho. Nikampa ufunguo. Wiki ya pili akaenda Mombasa na familia, na kati ya Voi na Mariakani, akiyapita malori yaliyofuatana, gari likapoteza nguvu na kuanza kutoa moshi wa buluu. Nilipoifungua injini ile, pistoni ya tatu ilikuwa imeliwa ukingoni, alumini imelainika na kutiririka juu ya ringi kama nta ya mshumaa.

Nilimlaumu aliyemuuzia seti kwa siku mbili nzima, kisha nikachukua karatasi. Westigeti yake ilikuwa ya springi, kwa hiyo Nairobi manifoldi ilipata ba 1.22, na kule chini karibu na Mariakani ba 1.38 au zaidi, yaani hewa nyingi zaidi kwa asilimia 13. Nozeli zilizokuwa kwenye asilimia 90 zilitakiwa zifike asilimia 102. Hata ukipunguza kidogo kwa ajili ya joto la pwani, hakukuwa na petroli ya akiba. Mchanganyiko ukawa mkavu, yaani petroli haikutosha hewa, joto likapanda, pistoni ikayeyuka. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimelipima gari mahali ambapo hewa ni nyepesi, nikalipeleka mahali ambapo ni nzito, bila kujiuliza ni kitu gani kingebadilika njiani. Tangu hapo sifungi turbo bila nozeli zinazobaki na akiba ya angalau asilimia 20 Nairobi, pamoja na pampu ya petroli inayoweza kuzilisha.

Kwa wateja wengi jibu langu la kweli ni kwamba wasifunge chochote, bali wauze gari walilo nalo na kununua lililotoka kiwandani na turbo. Injini kama 1JZ-GTE ya Toyota au EJ20 ya Subaru zenye turbo zilipewa pistoni imara, mbano mdogo, njia za oili na programu zinazostahili, vitu ambavyo ukivihesabu kimoja kimoja vinazidi bei ya seti. Magari ya supachaja ya kiwandani nayo yapo, kama Mercedes za Kompressor zenye injini ya M271 ya lita 1.8, na ni magari matulivu kuyaendesha. Lakini zingatia kwamba Mercedes wenyewe waliiondoa supachaja kwenye injini hiyo mnamo 2009 na kuweka turbo, na Volkswagen, waliounganisha vifaa vyote viwili kwenye 1.4 TSI mwaka 2005, baadaye walibakiza turbo peke yake. Kampuni hizo hazikufanya hivyo kwa mapenzi ya mlio.

Ukitumwa Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri hapa Nairobi, kuchagua turbo iliyotumika, usiinunue ikiwa bado imeloa oili, kwa maana oili huficha ulegevu. Omba petroli kidogo na kitambaa, ioshe, kisha ishike nati ya shafti kwa vidole viwili. Ivute na kuisukuma kwa urefu wake: usihisi mchezo wowote. Itikise kando: mchezo kidogo sana unaruhusiwa, kwa sababu beringi yake huelea juu ya oili, lakini mapanga yasiguse ukuta wa nyumba yake. Tazama ncha za mapanga kwa tochi. Ncha iliyoliwa au kupinda inamaanisha kuna kitu kilipita humo. Na kabla hujafunga turbo mpya kwenye Subaru ya EJ yenye vali zinazobadili taimingi (wakati wa kufunguka), fungua bolti ya bomba la oili na utazame kichujio kidogo cha wavu kilichomo ndani yake, kwa sababu kikiziba turbo hukosa oili na kufa, na mteja huletewa turbo ya pili, kisha ya tatu, bila mtu kuitazama bolti ile. Supachaja haina mengi ya kukaguliwa: sikiliza beringi za puli, kagua mkanda na kikaza mkanda, tazama kama oili yake ya ndani inavuja, na kama ina klachi ya umeme, kama zilivyo za injini ya Toyota 4A-GZE, hakikisha inashika na kuachia.

Petroli nayo ina neno. Magari mengi ya turbo kutoka Japani yalitayarishwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida hufika okteni (kipimo cha petroli kustahimili kunoki) 98 hadi 100, na stika ya kusema hivyo huwa bado ipo kwenye kifuniko cha tangi, kwa Kijapani, ambapo hakuna anayeisoma. Mweleze mteja maana yake kabla hajaomba uongeze busti, na ikiwa kituo chake cha kila siku hakina petroli ya namna hiyo, punguza busti na urudishe taimingi ya cheche nyuma nyuzi mbili au tatu, hata akinung'unika.

Siku hizi, gari nililolifunga turbo Nairobi halipewi mwenyewe mpaka nimeteremka nalo hadi Mtito Andei, kwenye njia ya Mombasa, kompyuta ya mkononi ikiwa kwenye kiti cha abiria, tukakanyaga mafuta mara mbili kwenye gia ya tatu na kusoma nozeli zinafanya kazi kwa asilimia ngapi. Mteja ndiye anayelipa petroli ya safari hiyo, na huwa namwambia mapema, siku ile ile anapouliza bei.