Maswali ya wiki hii: sado iliyobonyezwa, wageni wa Bugando na bakuli la futari

Meseji zimekuwa nyingi jamani, na karibu zote zinauliza kitu kilekile, kwamba jumapili tumeimba tumetoa sadaka, sasa jumanne saa nne asubuhi huyo Yesu tunamtumikiaje. Nimechagua tano, msioona lenu mnisamehe.

*Shikamoo mama. Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Tunaambiwa tuhudumu lakini mtaji wangu ni wa kuungaunga, nihudumu na nini?*

Marahaba mwanangu. Anza na hiyo sado yako, kopo la kupimia dagaa. Nimekaa mwaloni miaka ya kutosha, najua kuna sado zimepashwa moto zikabonyezwa mpaka kitako kimepanda juu, mama wa watu katoka Shinyanga kanunua mzigo, akifika kwake akapima upya hesabu haikai, na mwenye sado hiyo jumapili ndo anaongoza sauti ya kwanza. Walawi 19:36 inadai vipimo vya haki, kwaiyo ukipima sawa ushahudumu kabla hujatoa hata mia. Na dagaa walioanikwa mchangani usimdanganye mteja eti ni wa kwenye chanja, atakuja kugundua mdomoni.

Alafu kuna wale bibi na watoto wanaookota dagaa zinazomwagika wakati wa kupakia, unajua wanavyofukuzwa. Sura hiyohiyo ya 19, mstari wa 9 na 10, inasema ukivuna usimalize mpaka pembeni mwa shamba na masazo usiyaokote, waachie maskini na mgeni, ndo Ruthu alivyoishi kule Bethlehemu na mama mkwe wake. Shamba lako wewe ni hilo turubai. Kilichodondoka nje ya turubai, geuza shingo uangalie ziwani.

Na siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaendi maana taa zao hazivuti kitu, mwaloni kukavu na wewe mwenyewe huna, basi mshikie biashara mwenzio ampeleke mtoto zahanati. Hiyo haihitaji mtaji.

*Mi ni konda, Buhongwa kwenda mjini. Kila siku anapanda mtu wa hospitali ya Bugando hana nauli. Nikiwabeba wote hesabu ya bosi haitimii.*

Usiwabebe wote, nani kakutuma? Beba mmoja kwa siku, na umlipie kwa posho yako, maana ukitoa cha bosi bila yeye kujua hiyo ni sadaka ya mtu mwingine. Yule Msamaria wa kwenye mfano wa Yesu, aliyemwokota majeruhi njiani, dinari mbili zilitoka mfukoni mwake (Luka 10:35). Na usimpigie kelele garini "huyu nimemsaidia", mwache ashuke kama abiria.

*Mama shikamoo. Tunakaa Igoma, chumba na sebule, watoto watatu. Ndugu wa mume wakitoka Ukerewe kuja Bugando wote wanafikia kwangu, mwingine mwezi mzima. Nimechoka na nikisema naambiwa sina roho ya Kikristo.*

Marahaba mwanangu, na pole. Hili swali ni la nusu ya wanawake wa Mwanza. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, watu wanatoka Geita, Kagera, Mara, Simiyu, na kila mgonjwa anakuja na mtu wa kumwangalia, na huyo lazima alale mahali, kwaiyo mzigo wa kanda nzima unaishia kwenye majiko yenu wanawake alafu tunauita ukarimu wa familia. Kuchoka sio dhambi. Yethro alimwona mkwewe Musa anaamua kesi za watu asubuhi mpaka jioni, akamwambia wazi kwamba unachofanya sio kizuri, utachoka wewe na watu wako (Kutoka 18). Hakumwambia aache, alimwambia agawe.

Sasa gawa. Mume wako aamke saa kumi na moja apeleke uji wodini yeye, ni ndugu zake hao. Jumuiya yenu ipange zamu, jumatatu nyumba hii, jumatano nyumba ile, mnasali pamoja kila wiki mtashindwaje kupika kwa zamu? Na yule anayemwangalia mgonjwa, akirudi jioni akukute unafua, apewe beseni nae afue. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wanapenda kupewa kazi, wanakaa pale wanaona aibu tu. Anayekwambia huna roho ya Kikristo muulize kwake kuna godoro ngapi.

*Tulipeleka unga na sabuni kwa wazee, wenzangu wanataka kupost picha. Mi naona vibaya.*

Na mimi naona vibaya. Mweka hazina aandike nani katoa shingapi, sawa, hela za watu zinataka maelezo. Ila bibi wa watu kashikishwa mfuko wa kilo tano, watu kumi na mbili nyuma yake wanatabasamu, hiyo ni kampeni bana. Mathayo 6:3 mnaijua wote, mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Kama lazima ipigwe picha, pigeni unga.

*Jirani yangu ni muislamu, Ramadhani hii mume wake anaumwa. Nikipeleka futari nitakuwa nimekosea imani yangu?*

Hapana, peleka. Kwenye ule mfano wa Yesu anayesifiwa ni Msamaria, mtu ambaye wayahudi hawakutaka hata kuchangia nae chombo. Na sisi wa ziwani tunajua, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao, na mvuvi akimshika mtu mkono majini hamuulizi anasali wapi.

Ila upike kistaarabu, sufuria uliyopikia kitimoto usiitumie, ndizi au viazi vya nazi vinatosha, na ufike kabla ya adhana. Bakuli usilidai siku hiyohiyo, litarudi lenyewe, na likirudi na tambi ndani usishangae.