Re: Kadimiamu kwenye damu iko chini, mbona mifupa inauma?

Habari ndugu. Umesema ulifanya kazi ya betri za nikeli na kadimiamu (metali yenye sumu) kwa miaka mingi. Sasa nyonga zinauma, ila kipimo cha damu kimetoka safi.

Anza na mkojo. Damu huonyesha hasa kilichoingia miezi ya karibuni. Mzigo wa zamani umejificha kwenye figo, ambako huchukua miaka 10 hadi 30 kupungua kwa nusu. Omba kipimo cha kadimiamu ya mkojo kwa gramu ya kreatinini, taka ya kawaida ya mkojoni inayosaidia kusawazisha kipimo (ikizidi mikrogramu 5 hivi, mirija ya figo iko hatarini) pamoja na beta-2 mikroglobulini, protini ndogo inayovuja mkojoni mirija hiyo ikiharibika. Hapa wengi hupotea: kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo hunasa albumini, protini kubwa zaidi, hizi protini ndogo huzikosa. Tena mkojo wenye asidi nyingi huivunja beta-2, majibu yakatoka mazuri kwa uongo. Muulize mtu wa maabara kama wamepima pH, yaani kiwango cha asidi.

Mirija ikiharibika, fosfeti na kalsiamu humwagika mkojoni, na figo hushindwa kuikamilisha vitamini D. Mfupa unalainika. Ndiyo itai-itai, ugonjwa wa kadimiamu uliowapata watu wa bonde la mto Jinzu, Japani. Kwa hiyo pima pia fosfeti, kalsiamu, vitamini D na uzito wa mifupa. Maumivu peke yake hayathibitishi kitu.

Sigara acha leo, ina kadimiamu. Angalia feritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini), maana upungufu wa madini ya chuma huongeza ufyonzaji tumboni. Na tafadhali usikimbilie dawa za "kuondoa sumu": kadimiamu iliyokwisha kuingia kwenye figo haitoki kirahisi, na baadhi ya dawa hizo huziumiza figo zaidi.