Mfupa Ndani ya Kinyama cha Puru

SWALI: Mama yangu, miaka 58, alikuwa akipata choo chenye damu. Daktari aliingiza kamera, akakiondoa kinyama kwenye puru. Majibu yanasema ni "adenoma yenye metaplasia ya mfupa". Je, ana saratani ya mifupa iliyoshuka tumboni? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Hapana. Poleni kwa hofu. Adenoma ni kinyama kisicho saratani kinachoota kwenye utando wa utumbo, na metaplasia ya mfupa ni tishu nyingine kugeuka kuwa mfupa. Mfupa huo umeota palepale, ndani ya kinyama. Kinyama cha puru husuguliwa na choo, huchubuka, huvuja damu na ute, na hukaa na uvimbe wa muda mrefu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba katika hali hiyo hutolewa protini za kuchochea mfupa, na baadhi ya seli zinazotengeneza kovu hugeuka kuwa seli za kujenga mfupa. Jambo hili ni adimu, na lenyewe si saratani.

Kinachoamua hatua inayofuata ni mistari mingine ya ripoti: ukubwa kwa milimita, aina ya adenoma (tubula, yaani yenye umbo la mirija, au yenye vilasi, yaani vijinyuzi kama vidole), daraja la displasia (kiasi ambacho seli zimebadilika kuelekea saratani), na kama kimetoka chote. Kwa mwongozo wa Marekani wa 2020, mwenye adenoma 1 au 2 za tubula chini ya mm 10, displasia ikiwa ya daraja la chini, hurudishwa kwenye kamera baada ya miaka 7 hadi 10. Ikifika mm 10, au ikiwa na vilasi au displasia ya daraja la juu, ni miaka 3. Ya mm 20 au zaidi iliyokatwa vipande vipande huangaliwa tena baada ya miezi 6.

Muulizeni daktari kamera ilifika wapi. Kama iliishia kwenye puru, mama anahitaji kupimwa utumbo mpana wote, ukiwa umesafishwa vizuri. Muda tuliotaja hapo juu hauhesabiki bila hilo.

SWALI: Kisu cha maikrotomu (mashine ya kukata tishu vipande vyembamba) kinakwaruza kwenye kinyama kama kimegonga mchanga. Nifanyeje? (Fundi wa maabara)

JIBU: Simamisha, usilazimishe, utapasua tishu na kuharibu kisu. Laza uso wa bloku (kipande cha nta chenye tishu) kwenye asidi ya fomiki iliyozimuliwa, kisha suuza, poza kwenye barafu, na uchukue vipande vya kwanza kabisa, maana asidi hulainisha tabaka jembamba tu. Ukiona mfupa kabla ya kutia nta, EDTA (kemikali ya kuondoa kalsiamu) ni bora ingawa ni ya polepole: huhifadhi DNA, ambayo asidi kali huiharibu.

Chini ya hadubini, tafuta seli zilizo ndani ya vishimo vya mfupa. Bila hizo, huenda ni chokaa tu iliyotuama kwenye tishu iliyokufa.