Steringi wa Friedkin si yule tuliyemzoea

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni msomaji wako wa Tanga ila naishi Long Beach huku California mwaka wa tisa sasa. Kuna ukumbi wa sinema karibu na kwangu wanamkumbuka marehemu William Friedkin, yule mwongozaji wa sinema, kwa kuonyesha To Live and Die in L.A., mi nilidhani wangeweka ile ya mapepo, The Exorcist, ndo kila mtu anamjulia hapo, hii nyingine hata sijawahi kuisikia na tiketi sio bure. Niende au niitafute tu niangalie kwenye laptop? Na kijana wangu wa miaka 12 anataka tuongozane.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nenda, tena wahi siti ya katikati. Huyu mzee alifariki 7 Agosti 2023, zilibaki wiki tatu tu atimize miaka 88, na watu walivyomlilia wengi waliishia kwenye mapepo na Oscar aliyoipata kwa The French Connection ya 1971, hii ya 1985 wakaipita tu na iliniuma sana.

Kisa chenyewe, Chance (William Petersen, yule mkuu wa maabara kwenye tamthilia ya upelelezi ya CSI, hapa bado kijana kabisa) ni askari wa Secret Service ya Marekani, na usishangae, hao kabla ya kulinda marais walianzishwa 1865 kusaka watu wa noti bandia. Mwenzake anauawa zikiwa zimebaki siku chache astaafu, na anayehusika ni Rick Masters, mchoraji anayechoma picha zake mwenyewe na kuchapa dola feki, kaigiza Willem Dafoe na ana utulivu wa kutisha. Sasa sisi tuliokulia vibanda umiza tunajua steringi ni mtu mwema kaonewa, adui ndo mbaya, imeisha hiyo. Hapa steringi anapora, anadanganya, kuna dada anampa habari za wahalifu na yeye anamtumia kama tambara la deki, mpaka unafika mahali unajiuliza huyu na adui wanapishana nini zaidi ya kitambulisho. Mwisho wake sikwambii.

Kuna sehemu Masters anatengeneza hela, hakuna maneno pale, ni mikono tu na wino na mashine na karatasi zinakatwa, unabaki umetoa macho. Muvi imetoka kwenye kitabu, na hicho kitabu kaandika Gerald Petievich aliyekuwa askari wa hiyohiyo Secret Service, na skripti kaandika pamoja na Friedkin, kwa hiyo kazi ya noti feki walikuwa wanaijua.

Laptop hapana, nakuomba. Aliyeshika kamera ni Robby Müller, Mholanzi, kalipiga jua la huko kwenu likizama jekundu nyuma ya viwanda na maghala, sio mitende na Hollywood. Mi mara ya kwanza niliiona kwa kanda ya VHS iliyochoka, ile rangi yote sikuipata, miaka mingi baadaye nikaikuta ukumbini nikahisi ni muvi nyingine kabisa. Halafu kufukuzana kwa magari, jamaa wanaingia barabara kuu wanakimbia kinyume na magari yote yanayokuja, na hiyo 1985 hakuna cha kompyuta, ni madereva na vyuma vya kweli. Waliipiga Terminal Island Freeway upande wa Wilmington, yaani jirani yako hapo, pengine unaipita ukienda kazini.

Ila mtoto abaki nyumbani. Marekani waliipa R, yaani chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, kuna damu nyingi, watu uchi na matusi, miaka 12 bado sana.

SWALI: Kaka mambo, huo mziki wa To Live and Die in L.A. ni wa nani? Rafiki yangu kanipigia kipande kwa simu nimeupenda mno. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Poa ndugu yangu. Ni Wang Chung, bendi ya Uingereza, na waliutoa kama albamu nzima 1985. Upande mmoja una nyimbo za kuimbwa, mwingine vyombo vitupu, na hivyo vyombo ndo utavisikia Chance akiwa mbioni. Tafuta hedifoni nzuri, spika ya simu inaua besi yote.