Mtutu wa Kushoto Unasemaje? Maswali ya Wawindaji wa Ndege

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu baba ameniachia bunduki yake ya mitutu miwili iliyolala sambamba, geji 12 (ndicho kipimo cha upana wa tundu), mitutu ya sentimita 76. Chini ya mtutu wa kulia pamegongwa vinyota vitatu, wa kushoto kimoja. Leseni imeshakuwa kwa jina langu. Nawinda kwale na kanga, ila wakiruka karibu nawakosa sana. Fundi mmoja kaniambia nikate sentimita 10 ili marisau, zile punje ndogo za risasi, yatawanyike. Wengine wanasema nikikata haitapiga mbali tena. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Usimsikilize yeyote, na msumeno ubaki ulipo.

Wote hao wamechanganya mambo mawili, urefu wa mtutu na choki. Choki ni ule wembamba wa sentimita chache za mwisho, karibu na mdomo. Tundu la geji 12 lina kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Choki iitwayo ful huibana kwa karibu milimita 1, ile ya nusu kwa nusu milimita, ya robo kwa robo milimita, na silinda haibani kitu. Vinyota vyako ni lugha ya watengenezaji wengi: kimoja ni ful, vitatu ni nusu, vinne ni robo. Ukikata sentimita 10, choki zote mbili zinaanguka sakafuni pamoja na vumbi la chuma. Utabaki na silinda kulia na silinda kushoto, na bamba linaloshika mitutu litaachama mdomoni. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Na hilo la kupiga mbali? Baruti ya leo humaliza sehemu kubwa ya kazi yake marisau hayajafika mbali ndani ya mtutu. Sentimita za mwisho huongeza kasi kiduchu, kwale hawezi kuihisi. Urefu unakufaa kwa jambo jingine: uzito wa mbele unasaidia mkono usisite unapomfuata ndege. Mimi napenda mitutu mirefu kwa sababu hiyo tu.

Sasa kwa nini unakosa? Nakisia unaanza na mtutu wa kushoto, kwa kuwa mtu kakwambia ndio wenye nguvu. Ful kwenye mita 18 hutandaza marisau yake katika duara la sentimita 40 hivi, basi. Ndege anayepaa kwa kishindo miguuni pako, wewe unamrushia kitu cha upana wa sinia. Ama unakosa kabisa, ama unampata barabara na nyama inakuwa haifai. Yamenikuta: kanga mmoja, hatua kumi na tano, mtutu wa kushoto. Nilikwenda kuokota manyoya.

Bunduki ya baba yako nadhani ina vifyatuo viwili. Cha mbele kwa kawaida ni cha mtutu wa kulia, wenye choki iliyo wazi zaidi. Ndege wakiruka kukukimbia, anza nacho, kisha kidole kirudi nyuma kwa yule aliyekwisha kufika mbali. Wakija kukuelekea ni kinyume chake, ful kwanza wakiwa mbali, nusu wakishakaribia. Ndiyo raha ya vifyatuo viwili, na ndiyo maana sijawahi kukihusudu kile kimoja cha kisasa.

Lakini kabla ya yote, piga karatasi. Tafuta karatasi pana, mita moja na robo kila upande, uibandike kwenye fremu mbele ya tuta la udongo. Simama yadi 40, yaani mita 36 na nusu. Piga katikati, mara moja. Kisha tafuta palipojaa matundu zaidi, uchore duara la kipenyo cha sentimita 76 ukipazungusha, na uhesabu matundu yaliyo ndani. Kwa kipimo cha kawaida silinda huingiza humo asilimia 40 ya marisau yote, robo 50, nusu 60, ful 70.

Bunduki yangu ina kinyota kimoja kushoto. Kwa katriji (ganda lenye baruti na marisau) zenye gramu 32 za marisau ya milimita 2.7, ambayo ni kama 280 ndani ya katriji moja, nilihesabu matundu 162. Hiyo ni asilimia 58, nusu kamili, wala si ful! Nikabadilisha katriji, uzito uleule, marisau ya ukubwa uleule lakini magumu zaidi: 199, asilimia 71. Mtutu uleule, mchana uleule. Tangu siku hiyo vinyota navisoma kama jina la mtu: vinaniambia aitwaje, tabia yake naiona mwenyewe. Rudia karatasi tatu kwa kila aina ya katriji, maana karatasi moja inaweza kuwa bahati.

Ukitaka marisau yatawanyike zaidi, anzia kwenye katriji. Zipo zilizotengenezwa makusudi kwa kutawanya, na zile zenye kizibo cha sufi kati ya baruti na marisau, badala ya kikombe cha plastiki kinachoyabeba marisau, nazo mara nyingi hufungua kidogo. Ikishindikana, fundi bingwa anaweza kupanua choki ya kulia kwa kuisugua ndani, unywele kwa unywele. Huyo wako mwenye msumeno siye.

Kwa kwale chagua marisau ya milimita 2.4 hadi 2.6. Kanga ana kifua kigumu, mpe 2.7 hadi 3. Angalia milimita usitazame namba ya ukubwa iliyoandikwa kwenye katriji, kwa sababu namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8 na namba 6 ya Uingereza ni 2.6. Na kumbuka namba ikipanda, risau linapungua.

SWALI: Mzee, ninapowinda bata maji wamepiga marufuku marisau ya madini ya risasi. Nina bunduki ya zamani yenye ful pande zote mbili. Je, nipige tu ya chuma?

JIBU: Hapana. Marufuku yenyewe ina sababu: bata humeza marisau yaliyozama matopeni akidhani ni changarawe, firigisi inayasaga, sumu inaingia mwilini. Marekani ilimaliza kuyapiga marufuku kwa ndege wa majini mwaka 1991, Umoja wa Ulaya ukafuata kwa maeneo ya ardhi oevu mwaka 2023.

Ila chuma hakibonyei kama risasi. Kikifika kwenye ful ya bunduki ya zamani hakipiti kwa adabu. Mtutu unaweza kuvimba, utauona kama pete chini ya mdomo. Kwa chuma usizidi choki ya nusu, na mtutu uwe umepimwa kwa ajili yake. Bunduki nyingi za Ulaya zilizopimwa kwa chuma chenye nguvu zina alama ya ua la yungiyungi. Wewe tafuta marisau ya bismathi, metali nyingine, ni laini kuliko chuma na uzito wake haujapishana sana na wa risasi.

Atakayetumia chuma na achague marisau makubwa zaidi kwa namba mbili, kwa kuwa ni chepesi: palipotosha risasi ya milimita 2.8, weka chuma cha 3.3. Na amwache bata wa mbali aende zake.

SWALI: Mimi nina geji 12, mdogo wangu geji 20. Tunaweza kubebea katriji kwenye mfuko mmoja?

JIBU: Kamwe! Katriji ya geji 20 ikitumbukizwa kwenye geji 12 haishiki kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea katriji), inateleza na kukwama mbele ndani ya mtutu. Mtu anavuta kifyatuo, kimya. Anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kupakia. Anaweka ya 12, anafyatua, na mtutu unapasuka pale mkono wa kushoto ulipoushika. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huzipaka geji 20 rangi ya njano. Mfuko wake, mfuko wako. Na kila ukifungua bunduki, chungulia mitutu hadi uone mwanga.

Papo hapo, soma urefu wa chemba yako. Katriji ya milimita 76 inaingia vizuri tu kwenye chemba ya 70, na huo ndio mtego wake. Urefu ulioandikwa ni wa ganda likishafunguka. Likikosa nafasi ya kufunguka, shinikizo linapanda kupita kiasi.

SWALI: Choki zangu ni za kufunga kwa skrubu. Nikiwinda njiwa nizitoe tu nipige bila choki?

JIBU: Usipige kamwe bila choki ndani, utaharibu nyuzi za mtutu, yaani ile mikunjo ya skrubu inayoshika choki. Funga silinda au robo, marisau ya milimita 2.3. Nyuzi zipake grisi kidogo, na kila baada ya katriji kumi hivi fungua bunduki, hakikisha haina kitu, kisha ikaze choki kwa vidole. Hulegea yenyewe.