Herufi, Rangi na Vibao Vyetu: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninamiliki duka la dawa kando ya barabara kuu mjini Arua. Mwaka jana nilitengenezewa kibao chenye maandishi mekundu juu ya kijani, kwa kuwa kijani ni rangi ya dawa na nyekundu hunasa macho. Jina la duka limeandikwa kwa herufi za kujipinda, na chini yake zimeorodheshwa huduma zetu zote. Hata hivyo wageni hulipita duka, kisha hurudi wakiuliza lilipo. Fundi anasisitiza kwamba kibao ni kizuri. Kosa liko wapi? (Mwenye duka, Arua)

JIBU: Ndugu yangu, fundi wako hakukudanganya, kwa maana kibao kinaweza kupendeza kikitazamwa kwa karibu na bado kisisomeke kutoka barabarani. Jicho linaposoma hutegemea zaidi tofauti ya mwanga kati ya herufi na kilicho nyuma yake kuliko tofauti ya rangi zenyewe. Piga picha ya kibao chako kwa simu, kisha uiondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe: huenda ukaona nyekundu na kijani zimegeuka kijivu kinachokaribiana, na jina la duka limezama humo.

Watengenezaji wa tovuti wana kipimo cha tofauti hiyo. Miongozo ya kimataifa wanayoifuata hutaka maandishi ya kawaida yawe na uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1. Kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya skrini, lakini kinatupa picha ya mambo: nyekundu kamili juu ya kijani cha wastani hupata takriban 1.3, njano juu ya nyeupe hupata 1.07, ambayo ni karibu sawa na kutoandika kitu, ilhali njano juu ya nyeusi huvuka 19. Tena wako watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, ambao tangu kuzaliwa hutatizika kutofautisha nyekundu na kijani. Mafundi wengi huling'amua tatizo hili wakiwa wamechelewa, wakaanza kuzungushia herufi mpaka mweupe, kisha kivuli, kisha mng'ao. Nami kila nionapo mapambo hayo matatu kwenye kibao kimoja huamini kwamba rangi zilichaguliwa vibaya tangu mwanzo.

Jambo la pili ni umbali. Kanuni ya makadirio wanayoitumia watengenezaji wa vibao ni kwamba kila sentimita 2.5 za kimo cha herufi husomeka vizuri kutoka mita 3 hivi, kwa hiyo ukitaka abiria wa bodaboda akusome akiwa mita 30 kutoka dukani, herufi za jina ziwe na kimo cha sentimita 25. Orodha ya huduma yenye herufi za sentimita 5 husomwa na mtu aliye mita 6 kutoka kwako, yaani mteja ambaye tayari amekwisha kukuona. Orodha hiyo iondoe, uibandike mlangoni. Herufi za kujipinda pia ziache, na usikimbilie kuandika kila kitu kwa herufi kubwa. Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliosanifu alama za barabara kuu za Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, waliacha desturi ya kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu, wakatumia herufi kubwa mwanzoni na ndogo zilizobaki, kwa sababu neno lenye herufi zinazopanda na kushuka lina umbo ambalo dereva hulitambua upesi.

Kijani chako unaweza kukibakiza, mradi kiwe kimekolea na maandishi yawe meupe. Nyekundu iweke kando hata kwa sababu ya jua letu, kwani kwenye mabango ya kuchapwa wino wa majenta (nyekundu ya kizambarau) na wa njano kwa kawaida huchujuka kabla ya siani (buluu ya kijani) na nyeusi. Ndiyo maana nyuso za wagombea kwenye mabango ya zamani hugeuka kuwa za buluu.

SWALI: Nafundisha chekechea mjini Busia. Matangazo yetu yote huandikwa kwa fonti, yaani mtindo wa herufi, iitwayo Comic Sans, na kaka yangu aliyesomea usanifu hunicheka. Je, fonti hiyo ina ubaya gani? (Mwalimu, Busia)

JIBU: Mwalimu, haina ubaya ikiwa mahali pake. Vincent Connare aliisanifu mwaka 1994 akiwa Microsoft, baada ya kuona programu ya watoto na watu wapya wa kompyuta ambamo mbwa wa katuni alizungumza kwa Times New Roman, fonti ya magazeti na vitabu. Herufi yake ya a ina umbo lile lile wanafunzi wako wanalofundishwa kuandika kwa penseli, kwa hiyo kwenye kadi za kusomea endelea kuitumia bila aibu. Barua ya kumdai mzazi karo, au tangazo la msiba, iandike kwa fonti nyingine. Hapo kaka yako ana haki ya kunung'unika.

SWALI: Mimi ni kijana ninayesanifu mabango katika ofisi moja ya Nasser Road, Kampala. Mteja huidhinisha rangi akiziona kwenye simu, lakini kazi ikitoka mashineni hulalamika kwamba buluu imefifia, na wakati mwingine hukataa kulipa. Nifanyeje? (Msanifu, Kampala)

JIBU: Ndugu msanifu, simu huunda rangi kwa kutoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa buluu, ilhali mashine hupaka wino wa siani, majenta, njano na nyeusi juu ya karatasi, ambayo hurudisha tu mwanga inaoupokea. Zipo rangi ambazo skrini huzionyesha na wino hizo nne haziwezi kuzifikia, hasa buluu kali na kijani kinachong'aa. Anza kazi yako ikiwa tayari katika mfumo wa wino, usiigeuze dakika ya mwisho, na maandishi madogo yaweke nyeusi peke yake, maana yakijengwa kwa wino zote nne na karatasi ikasogea kidogo, kila herufi hupata ukungu wa rangi pembeni. Mteja asiidhinishe rangi kwa picha ya WhatsApp. Mchapie kipande kwenye karatasi au turubai ile ile ya kazi, akione mchana nje ya ofisi, atie sahihi nyuma yake. Gharama ya kipande hicho iingize katika bei tangu mwanzo.

SWALI: Tuliandaa kadi za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) ya binti yangu kwa fonti ya mapambo. Jina la ukoo wetu, Ŋŋonge, limetoka na herufi mbili zisizofanana na nyingine. Mchapaji anasema ndivyo kompyuta ilivyo. (Mama wa binti, Masaka)

JIBU: Mama, hongera kwa shughuli hiyo. Fonti nyingi za mapambo zilichorwa na watu waliofikiria lugha chache za Ulaya, hivyo hazina ŋ, na kompyuta isipoipata huikopa kwenye fonti nyingine au huacha kisanduku kitupu. Kompyuta ndivyo ilivyo, ni kweli, lakini mchapaji wa Masaka anayehudumia Waganda kila wiki alipaswa kuchapa Ŋ kubwa na ŋ ndogo kwenye fonti hiyo kabla ya kukuonyesha chochote. Mwambie atafute fonti iliyo nazo zote mbili. Asizibadilishe kuwa ng', kwa kuwa ukoo una tahajia yake. Tena mahali, tarehe na saa viandikwe kwa herufi za kawaida, ili wazee wasilazimike kumpigia simu bwana harusi kuuliza njia.

SWALI: Nataka kupaka saluni yangu njano au nyekundu, lakini jirani ananionya kwamba nitadhaniwa mwanasiasa. Je, nimsikilize? (Mwenye saluni, Mbale)

JIBU: Dada, msikilize kwa kiasi. Njano ni rangi ya chama cha NRM na pia ya kampuni ya simu ya MTN; nyekundu ni ya chama cha NUP na pia ya kampuni ya simu ya Airtel; na ukikimbilia buluu utakutana na chama cha FDC, kijani utakuta cha DP. Bendera yetu ya Uganda yenyewe, iliyopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, ina nyeusi, njano na nyekundu, na hakuna anayeweza kuzimiliki peke yake. Kinachompa mpita njia wazo ni wingi wa rangi hiyo na jirani zake: ukuta mzima wa njano wenye maandishi meusi utamleta mtu akitaka kutoa pesa kwenye simu, lakini ukuta wa rangi ya maziwa, maandishi ya damu ya mzee na mlango wa njano hauna chama wala mtandao. Kabla ya kununua makopo ya rangi, mwombe fundi apake ubao mmoja kwa mpangilio huo, usiuandike neno lolote, uusimamishe mbele ya jengo asubuhi moja na kumwuliza mtu asiyekufahamu anadhani panauzwa nini.